Bagi ya rimoti ya kujiundia, kwa ajili ya njia mbovu: Hornet, TT-02B, Inferno au Tekno?

Wengi wetu huku tukishapata bagi ya rimoti, yaani gari dogo la njia mbovu linaloongozwa kwa rimoti, tunaipeleka kwenye barabara ya moramu, uwanja wa mpira wenye kokoto, shamba lililokwisha kuvunwa mahindi au mchanga wa ufukweni. Viwanja vya mbio vilivyosawazishwa ni adimu, na duka lenye vipuri huenda liko Dubai, London au Hong Kong. Kwa hiyo ninapolinganisha seti hizi naangalia mambo mawili kwa pamoja: kitakachovunjika ni nini, na kikivunjika utakipata wapi. Bagi isiyovunjika kabisa haijatengenezwa bado.

Nazungumzia magari ya kujiundia, yale yanayokuja kwenye boksi yakiwa vipande na mifuko ya skrubu. Magari yanayokuja tayari yameundwa, kama Arrma Typhon, yana uimara wake na sina ugomvi nayo. Lakini aliyeifunga giaboksi kwa mkono wake anajua mlio wa jino lililolika unatoka wapi, anajua skrubu ipi inatangulia kufunguliwa, na gari likikwama porini hahitaji kumpigia mtu simu. Kwenye njia mbovu ujuzi huo una thamani kuliko alumini yoyote ya rangi.

Kasi ndiyo inayovunja

Kabla ya majina ya magari, hesabu moja. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, jiwe lile lile linapigwa kwa nguvu mara nne. Bagi ndogo ya kilo moja na nusu ikigonga ukingo wa mtaro kwa kilomita 20 kwa saa hupinduka, unaigeuza, inaendelea. Bagi kubwa ya kilo tatu na robo ikigonga ukingo huo huo kwa kilomita 60 kwa saa hubeba nguvu karibu mara 20 ya ile. Ndiyo maana gari la plastiki la bei nafuu linaweza kuishi miaka mikononi mwa mtoto, na gari la alumini la mashindano likaharibika wiki ya kwanza. Anayenunua gari rahisi kisha akalitia mota kali kwa sababu jirani anayo, amenunua gari jingine kabisa, na mara nyingi ni baya kuliko yote mawili.

Sasa tuingie kwenye seti zenyewe.

Grasshopper na Hornet

Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa The Grasshopper mwaka 1984, na mwaka huo huo ikatoa The Hornet juu ya chasisi ile ile. Zote mbili zilirudishwa sokoni miaka ya 2000. Bei yake mara nyingi haifiki dola 200, na ndani ya boksi unapata gari zima pamoja na mota; utatafuta rimoti, sevo (kimota kinachogeuza usukani), betri na chaja, na kidhibiti mwendo kama boksi lako halina.

Uimara wake unatokana na uchache wa vitu. Chasisi ni beseni la plastiki lililofungwa, kokoto haziingii kirahisi. Nyuma hakuna mikono wala viungo vya kila gurudumu: giaboksi yote na ekseli yake hupanda na kushuka kama kipande kimoja. Gia zimefungiwa ndani. Mtoto wa miaka 10 akisaidiwa na mtu mzima anaweza kuiunda kwa siku mbili za mapumziko, na akaielewa.

Kati ya hizo mbili, kwa njia mbovu chukua Hornet. Grasshopper ina mota ndogo ya saizi 380 na bodi ya plastiki ngumu inayopasuka ikipinduka juu ya mawe. Hornet ina mota kubwa zaidi, ya saizi 540, shokapu za mafuta nyuma, na bodi ya polikaboneti inayopinda na kurudi. Lakini usitarajie itulie. Ekseli nzima inaporuka, gari lote linaruka nayo, na kwenye barabara yenye matuta madogo madogo ya mawimbi Hornet hudundadunda mpaka usukani unakosa kazi. Tena ni gari la magurudumu mawili ya kusukuma. Penye udongo laini au majani marefu hukwama mapema.

Jambo moja la kufanya kabla hujaiendesha hata mara moja: ondoa bushi za plastiki zinazokuja kwenye seti, weka beringi. Vumbi la moramu likiingia kwenye bushi linaisaga kama msasa, ekseli inaanza kuyumba, gia zinakosa kukutana sawasawa, na ndipo meno yanapolika. Watu wengi wanalaumu gia wakati kosa lilianza kwenye bushi.

TT-02B

Hapa ndipo ningewapeleka wengi wanaouliza. TT-02B ni chasisi ya Tamiya ya magurudumu manne ya kusukuma, kipimo cha moja ya kumi ya gari halisi, inayouzwa chini ya bodi tofauti kama Neo Scorcher na Plasma Edge II. Ukiona majina hayo mawili yanashindana dukani, jua kwamba chini ni gari moja. Chagua bodi unayoipenda.

Mota iko nyuma, na propela shafti moja inapita katikati kupeleka nguvu mbele. Hakuna mikanda ya kukatika mchanga ukiingia. Kila ncha ina giaboksi yake iliyofungwa, na gia kubwa inayokutana na pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) imefunikwa. Hilo la kufunikwa linastahili kusisitizwa. Bagi nyingi za mashindano za kipimo hiki huacha gia kubwa wazi au nusu wazi ili fundi aifikie haraka katikati ya mbio, na jiwe dogo kama punje ya mahindi likinasa hapo, meno matatu yamekwenda. Mtengenezaji wa TT-02B hakufikiria mbio, na sisi tunafaidika.

Kila gurudumu lina mikono yake miwili, ya juu na ya chini, na shokapu yake ya mafuta. Tofauti na Hornet unaiona pale pale kwenye kona yenye mashimo: gurudumu moja linazama, mengine matatu yanashika njia. Magurudumu manne yakisukuma pia unaweza kutoka kwenye mchanga ambao Hornet ingeuchimba tu.

Udhaifu upo, na ni vizuri uujue kabla. Usukani wake una ulegevu kwa sababu viungo vyake vinazunguka kwenye plastiki. Beringi mbili tatu za nyongeza huponya sehemu kubwa ya hilo. Hakuna klachi ya kuteleza ya kulinda gia, hivyo kila pigo la kutua kutoka angani, mota ikiwa inazunguka kwa nguvu, huishia kwenye meno ya plastiki. Jifunze kuachia moto gari likiwa hewani na kuutia tena likishatua. Pia uwazi wa betri umetengenezwa kwa betri yenye kona za mviringo. Betri za lithiamu zenye kona kali hazikai bila kukwangua chasisi, kwa hiyo pima kabla ya kuagiza.

Skrubu zake nyingi huingia moja kwa moja kwenye plastiki. Ukizifungua mara nyingi kwa bisibisi lisilo saizi yake tundu hulegea. Bisibisi zuri la kichwa cha Kijapani ni gharama ndogo sana ukilinganisha na chasisi mpya.

Vipuri vya Tamiya huuzwa kwa fremu nzima, yaani huwezi kununua mkono mmoja wa mbele. Unanunua fremu ya plastiki yenye mikono, vibanio na vingine vingi. Mwanzoni inaudhi. Baada ya mwaka unagundua una kabati la akiba. Na beringi zake, nyingi zikiwa za milimita 5 kwa 11 kwa 4, ni saizi ya kawaida duniani, inajulikana kama MR115. Zinaagizwa kwa pakiti kutoka popote bila kujali jina la gari.

Bagi za mashindano za moja ya kumi

Nazitaja kwa ufupi kwa sababu watu huzitamani picha zake. Team Associated ya California ilitoa RC10 mwaka 1984, ikiwa na beseni la alumini, na mwaka 1985 Jay Halsey akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa magurudumu mawili ya kusukuma kule Del Mar. Warithi wake wa leo, mfululizo wa B6 na B7, ni magari mazuri mno. Lakini yamelala karibu na ardhi, yametengenezwa kwa zulia, nyasi bandia na udongo ulioshindiliwa. Kwenye moramu tumbo linakwaruza, na kila baada ya matembezi kuna kazi ya usafi ya jioni nzima. Kama hakuna kiwanja karibu nawe, pita.

Moja ya nane: Inferno na Tekno

Ukitaka gari linalopita juu ya jiwe ambalo mengine yanalizunguka, lazima upande kipimo. Tairi la bagi ya moja ya nane lina kipenyo cha kama sentimita 11. La moja ya kumi kama 8 na nusu. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo, kwenye shimo ni kubwa sana. Chasisi ni bamba la alumini nene, kuna difu tatu za gia za chuma (mbele, katikati, nyuma), shokapu ni nene na zimejaa mafuta mengi yasiyochemka upesi, na gurudumu linakaa kwenye kitovu cha pembe sita cha milimita 17 badala ya 12. Skrubu zinaingia kwenye chuma, kwa hiyo gundi ya buluu ya kufunga nati si hiari. Skrubu moja ya mota ikilegea, gia zimekwisha.

Kyosho Inferno ni jina la zamani lenye heshima kubwa kwenye mbio. MP10 ilitoka 2019, ya injini ya nitro, na MP10e ni ndugu yake ya umeme. Tekno, kampuni ya California, inatengeneza EB48 ya umeme, ambayo toleo lake la 2.1 lina chasisi ya alumini ngumu ya aina ya 7075. Zote mbili zimetengenezwa kwa mbio za kuruka vilima, kwa hiyo moramu yetu haizitishi.

Nikiambiwa nichague moja ya kuteseka nayo mbali na fundi, nachukua Tekno. Gari lote limefikiriwa kama gari la umeme tangu mwanzo: betri na mota vina mahali pake sahihi, uzito umekaa sawa pande mbili, na sehemu zinazobeba mateso, yaani shafti, pini na minara ya shokapu, ni nene kuliko za wengi. Inferno ni laini zaidi kuiendesha, na inasamehe makosa kwenye kona. Ukiwa Ulaya au Ghuba, karibu na klabu ya mbio, sababu hiyo hubadilika: endesha gari wanaloendesha wenzako, maana mkono ukivunjika Jumamosi saa nne, mwenye kipuri amesimama kando yako.

Sasa gharama, ambayo ndiyo mlango unaowarudisha wengi. Seti ya kipimo hiki kwa kawaida huzidi dola 500, na hapo huna mota, huna kidhibiti mwendo, huna sevo, huna betri, na mara nyingi huna hata tairi. Sevo ndogo ya kilo 3 inayotosha TT-02B haiwezi kugeuza magurudumu haya. Tafuta yenye nguvu ya kilo 15 hadi 20 au zaidi, gia za chuma. Betri ni ya seli nne, volti 14.8. Ukimaliza kujumlisha, umelipia TT-02B mara tano au sita. Tena lina nguvu ya kumvunja mtu kifundo cha mguu. Kwenye uwanja wenye watoto wanaokimbia ovyo, gari hili halina nafasi, hata kama dereva ni hodari.

Kuhusu mikono ya nailoni ya magari haya kuna jambo ambalo mafundi wengi wa bagi wanalifanya: huichemsha kwenye maji kabla ya kuifunga. Nailoni hunyonya maji, na ikishanyonya hupinda kabla ya kuvunjika. Kwa anayeishi mahali pakavu kama Dodoma hilo lina faida zaidi kuliko kwa aliyeko Tanga, ambako hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha. Usichemshe plastiki ya ABS ya Hornet. Haitapata faida hiyo, itajikunja tu.

Nitro au petroli?

MP10 ya nitro ina injini ya takriban sentimita za ujazo 3.5, na sauti yake inaamsha furaha ambayo mota ya umeme haiitoi. Lakini haitumii petroli. Inakunywa mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta maalumu, mzigo hatari usiopakiwa kwenye kifurushi cha posta wala begi la abiria. Kama hujampata muuzaji wa uhakika wa mafuta hayo mjini kwako, usinunue gari. Petroli ya kituo haitaiwasha.

Anayetaka moshi na sauti kwa kweli aangalie magari makubwa ya moja ya tano, mfano HPI Baja 5B, yenye injini ya mipigo miwili kama ya mashine ya kukatia majani: petroli ya kawaida ikichanganywa na mafuta ya mipigo miwili kwa kipimo cha 25 kwa 1. Plagi, kabureta na namna ya kuichokonoa fundi wa mtaani anaijua tayari. Shida yake ni uzito. Ni kama kilo 10 za chuma na plastiki zinazokwenda mbio, linahitaji eneo wazi kabisa.

Udongo wako ni upi?

Vumbi jekundu la bara linaingia kila mahali lakini halina haraka ya kuua. Brashi kavu ya kupakia rangi, pumzi ya pampu, na beringi zioshwe na kutiwa tone la mafuta mepesi. Usipake grisi nje ya gia zilizo wazi. Hukamata mchanga na kuugeuza kuwa dawa ya kusagia meno yake yenyewe.

Pwani ni habari nyingine. Chumvi ya Kigamboni au Diani inazitia kutu skrubu na beringi usiku mmoja. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kausha, tia mafuta. Mchanga laini pia huifanya mota ichemke, kwa hiyo weka pinioni yenye meno machache zaidi. Kasi inapungua, mota inapumua. Kwa matumizi ya ufukweni pekee TT-02B au hata Hornet ni akili zaidi kuliko gari la dola elfu moja.

Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, acha. Unajaza magurudumu mpaka yanakuwa mazito mara mbili, na uzito huo ndio unaovunja shafti. Hakuna seti hapa inayofurahia udongo huo.

Joto nalo linahesabika. Mafuta ya silikoni ya shokapu hupungua uzito yakipata moto, hivyo kwa jua letu panda daraja moja kutoka kwenye kile kitabu cha maelekezo kinachosema. Usiweke mafuta ya injini ya gari badala yake: oringi za silikoni huvimba na shokapu inavuja.

Betri na mizigo

Tangu 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Maduka mengi ya nje hukataa kuzituma, au huzituma kwa njia ya taratibu na ghali. Ndugu anayekuja likizo anaweza kukuletea, lakini kwenye begi la mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa, na kwa kipimo: hadi saa-wati 100 kila betri bila ruhusa maalumu, kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Betri ya seli mbili ya 5000 mAh ni saa-wati 37. Ya seli nne, 74. Ya seli sita inafika 111, imevuka mstari. Hiyo nayo ni sababu ya kubaki kwenye seli nne.

Kwa Hornet na TT-02B kuna njia rahisi zaidi: betri ya NiMH (ya nikeli, si ya lithiamu) ya volti 7.2. Ni nzito kidogo na haina ukali wa lithiamu, ila haihitaji uangalizi ule ule, na mtoto anaweza kuachiwa. Lithiamu usiishushe chini ya volti 3.3 kwa seli, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8.

Pamoja na seti, agiza kwenye kifurushi kile kile vitu ambavyo njia mbovu huchukua kwanza. Kwa Hornet: beringi kamili na bodi moja ya akiba. Kwa TT-02B: beringi, fremu ya mikono, shafti mbili za magurudumu, na pinioni mbili za chuma za meno tofauti. Kwa Tekno au Inferno: mikono ya mbele jozi moja, pini zake, gia kubwa ya katikati, kiungo cha sevo, na beringi za milimita 8 kwa 16 kwa 5, ambazo duka la beringi la mjini linazijua kwa namba 688. Pini ya mkono ikipinda, mpelekee fundi wa kukereza vyuma ile iliyo nzima kama kipimo, aikate kwenye chuma kigumu. Kazi yake ni dakika chache. Nyumba ya difu ya plastiki hataweza, kwa hiyo kwa magari makubwa ongeza hiyo kwenye oda ya kwanza.